Kazi za msimu kwenye bustani za burudani Marekani: mpango wa J-1 wa wanafunzi ukipimwa kutoka Lamu

Ndani ya bustani ya Animal Kingdom ya kampuni ya Disney, karibu na Orlando, Florida, kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe. Bustani ilifunguliwa Aprili 1998, na waliokichora kijiji hicho waliitazama Lamu: kuta zilizochakaa kama za mawe ya matumbawe, milango ya mbao, mabango ya Kiswahili. Ufa wa ukuta umetiwa na fundi kwa makusudi, na kutu imepakwa kwa brashi. Hoteli ya jirani ina mikahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa, na upande wake mmoja unaitwa Kidani. Kijana wa Mkomani au Langoni akiziona picha hizo kwenye simu, fomu huijaza kwanza, maswali yakaja baadaye.

Hapa tunapima mpango unaompeleka mwanafunzi akaifanyie kazi bustani kama hiyo. Bustani yenyewe ina wasifiaji wake wa kutosha. Kauli yetu tunaitoa mapema: mpango unamfaa mwanafunzi anayepiga hesabu, na unamuumiza anayefuata jina. Tangazo hutaja malipo ya saa moja, kwa sababu ndiyo namba inayong'aa. Namba mbili zinazoamua kama utarudi na kitu ni saa utakazopewa kwa wiki na bei ya kitanda. Ukipata tatu hizo kwa maandishi, unaweza kuupima mpango wowote ukiwa umekaa barazani kwenu.

Mpango upi hasa

Mawakala huchanganya mipango mitatu chini ya jina moja la "kazi ya Disney", na huo ndio mwanzo wa malalamiko mengi.

Wa kwanza ni Disney College Program, ulioanza 1980. Huo ni wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Anayesoma Kilifi, Mombasa au Nairobi haingii kwa mlango huo. Wageni wana usajili wao wa pembeni, kupitia vyuo na waajiri walioteuliwa. Wa pili ni wa wawakilishi wa utamaduni, watu wanaosimama kwenye hoteli na mabanda ya nchi mbalimbali wakizungumza na wageni kuhusu kwao. Viza iliyotungiwa kazi ya namna hiyo ni Q-1, iliyowekwa na sheria ya 1990. Muda wake hauzidi miezi 15, umri ni kuanzia miaka 18, na anayeiomba ni mwajiri. Wewe huwezi kujiombea. Nafasi zake ni chache na hutegemea nchi zinazotafutwa msimu huo.

Wa tatu ndio unaowahusu wengi: Summer Work Travel, yaani kazi na matembezi ya likizo, chini ya viza ya J-1, ile ya wageni wa mabadilishano. Masharti yake ni mafupi. Uwe mwanafunzi wa kutwa wa chuo nje ya Marekani, uwe umemaliza angalau muhula mmoja, kazi iwe ndani ya likizo yako ndefu, na isizidi miezi 4. Kwa Mkenya, ofa ya kazi lazima iwepo kabla ya viza. Mpango mzima una kikomo cha washiriki 109,000 kwa mwaka, dunia nzima.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mdogo wangu, nina nafasi za bustani Marekani," swali la kwanza ni moja: viza gani? Akitaja viza ya utalii, mazungumzo yameisha. Akisema J-1, muulize ni kundi gani la J-1, maana ada na muda vinatofautiana kundi kwa kundi.

Kuna kazi ambazo kanuni za mpango zimezikataza, na wakala mzembe huziuza hivyo hivyo. Kazi za nyumbani zimekatazwa. Udereva umekatazwa. Kazi ambayo saa zake nyingi ziko kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi imekatazwa, kwa hiyo ofa ya kufagia bustani usiku kucha ni ya kuitilia shaka. Na hili huwapita wengi: bustani iliyojengwa mahali pamoja inaruhusiwa, lakini maonyesho ya bembea yanayohamahama mji kwa mji hayaruhusiwi. Ofa isiyotaja anwani moja ya kazi irudishe.

Mdhamini, wakala, mwajiri

Ni watu watatu tofauti. Mdhamini ni shirika la Marekani lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Ndiye anayetoa fomu ya DS-2019, ile ya kuombea viza ya J-1, na ndiye anayetakiwa kuwasiliana nawe angalau mara moja kwa mwezi ukiwa kule. Wakala ni ofisi ya hapa Kenya inayokusanya makaratasi. Mwajiri ni bustani. Ukiwa na tatizo la chumba au saa, wakala hana nguvu yoyote, hata awe mchangamfu vipi kwenye simu. Mwenye nguvu ni mdhamini, kwa sababu anaweza kukuhamishia kazi nyingine. Weka namba yake ya dharura kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya wizara hiyo ya Marekani inayohusu viza ya J-1. Kuikagua ni kazi ya dakika mbili. Jina lililo kwenye mkataba wako lilingane na la kwenye orodha herufi kwa herufi. Upande wa Kenya, ofisi inayopeleka watu kazini ng'ambo hukaguliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ofisi inayokasirika ukiuliza namba ya usajili imeshajibu.

Gharama mbili hazina utata kwa sababu ni za serikali: ada ya viza ni dola 185, na ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi na wageni wa J, kwa kundi hili ni dola 35. Zote mbili hazirudishwi ukinyimwa. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, jumla ni shilingi 28,380. Hapa ndipo pa kumpimia wakala. J-1 za makundi mengine hulipa SEVIS dola 220, na wapo wanaomtoza mwanafunzi wa Summer Work Travel hiyo 220. Ilipe mwenyewe mtandaoni, uchapishe risiti.

Kilichobaki, yaani ada ya mdhamini, ada ya wakala, bima na tikiti, hutofautiana. Kidai kama orodha yenye bei moja moja. Anayesema "ni kifurushi" anaficha kitu ndani ya kifurushi. Uulize pia kwa maandishi kiasi gani kinarudi ukinyimwa viza, kiasi gani kinarudi mwajiri akifuta ofa, na ndani ya siku ngapi. Kunyimwa viza na kufutiwa ofa ni maswali mawili, na majibu yake huwa tofauti.

DS-2019 ikifika, isome kabla ya kuisherehekea. Jina lifanane na pasipoti kwa mpangilio ule ule. Majina yetu ya Pwani yenye "bin", "binti" na "Sheikh" hukatwa vibaya, na kosa hilo hukufuata hadi kwenye kadi ya mishahara. Tazama tarehe za kuanza na kumaliza, kundi lililoandikwa, na mahali pa kazi. Tarehe za Marekani huanza na mwezi: 06/07 ni Juni 7, si Julai 6. Wapo waliokata tikiti za mwezi usio wao kwa kosa hilo.

Mahojiano hufanyika kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Anayetoka Lamu ana safari ya boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa kupitia Malindi, kisha treni au basi jingine. Fika Nairobi siku nzima kabla. Chukua barua ya msajili wa chuo inayosema uko mwaka wa ngapi na muhula unafunguliwa lini, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha kwamba utarudi uko kwako. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo na J huambiwa waziache akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi. Majibu ya kukariri husikika mara moja: ukiulizwa unasoma nini na utafanya kazi gani, ijibu kazi iliyo kwenye ofa, kwa maneno ya kawaida.

Kazi yenyewe

Hapa mpango unapata alama nzuri kuliko unavyotarajiwa, kwa sharti kwamba ujue unakwenda kufanya nini. Kijiji cha Harambe hutakiona. Wanafunzi wa J-1 wengi huishia kwenye vibanda vya chakula, usafi, maduka, mabwawa na bembea, na wengi wao kwenye bustani za msimu za majimbo ya kaskazini, zile zinazofunguliwa Mei na kupungua baada ya sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Tuchukue rola kosta, treni ya bembea inayopanda na kushuka kwa kasi, kwa sababu ndiyo kazi inayoombwa zaidi na kueleweka kidogo. Treni yenye viti 32 ikiondoka kila sekunde 90, kwa saa moja inabeba watu 1,280. Ikiondoka kila sekunde 120, inabeba 960. Watu 320 wamepotea ndani ya nusu dakika, na hiyo nusu dakika iko mikononi mwa wahudumu wanne. Ndiyo maana msimamizi hutembea na saa mkononi.

Mhudumu hupita pembeni ya treni kwa mpangilio usiobadilika. Anauvuta mkanda wa kila kiti kwenda juu, anakisukuma chini chuma cha mapajani, kisha anakivuta kuona kama kinashika. Vuta, sukuma, vuta. Haangalii kwa macho peke yake, maana chuma kinaweza kuonekana kimeshuka na hakijajifunga. Akimaliza upande wake anasimama nyuma ya mstari wa manjano na kuinua kidole gumba. Aliye kwenye meza ya mitambo hawezi kuipeleka treni peke yake. Kitufe cha pili hushikwa na mwenzake kwa wakati ule ule. Njia yenyewe imegawanywa vipande, na kila kipande huruhusu treni moja tu. Mkichelewa kuondoa treni iliyo kituoni, inayokuja nyuma husimama kwenye breki na abiria wake ndani. Si hitilafu, ndivyo mtambo ulivyoundwa. Lakini wageni walio juani pale juu hawajui hilo.

Kinachoharibika zaidi ni kofia na simu. Kikidondoka chini ya reli, kinabaki hapo mpaka bembea izimwe na ufunguo utolewe. Kuvuka uzio kuokota kofia ya mgeni ni kosa la kufukuzwa kazi, na ni haki. Kosa la pili ni kipimo cha urefu. Inchi 48 ni sentimita 122. Mtoto anasimama kwa ncha za vidole, mzazi anasema jana aliruhusiwa. Jibu ni moja, la upole, na halibadiliki hata mzazi akiita mkubwa wako. Mswahili aliyelelewa kuwatii wakubwa huona taabu siku tatu za kwanza kumkatalia mzee wa makamo mbele ya mjukuu wake. Siku ya nne huzoea.

Kwenye chakula, kazi ni kipimajoto na daftari. Chakula baridi kikae chini ya nyuzi 41 za Fahrenheit, yaani 5 za Selsiasi. Cha moto kibaki 135 au zaidi, yaani 57. Huandiki ulichokisia, unachoma kipimo katikati ya chakula na kuandika kilichosoma. Glavu hubadilishwa kila unapogusa pesa, nywele au pipa, na mikono huoshwa sekunde 20 kabla ya kuvaa nyingine. Mashine ya bisi ina mafuta yanayounguza kuliko ya bajia, kwa kuwa sufuria yake imefungwa na hutarajii kurusha.

Pesa nazo zina mtego. Sarafu ya senti 10 ya Marekani ni ndogo kuliko ya senti 5, na anayepanga kwa ukubwa droo yake haitalingana jioni. Bei ya kwenye bango haina kodi ndani. Mashine huiongeza, na mgeni wa nje hulalamika kwako. Ratiba ya zamu husomwa kwa saa za Kizungu, kwa hiyo 6:00 AM ni saa 12 alfajiri. Mtu hulijua hilo vizuri akiwa macho, na hulisahau usiku wa kuamkia zamu ya kwanza.

Uokoaji kwenye mabwawa unastahili neno zaidi kwa watu wa Lamu na Malindi, kwa sababu wengi huuchagua wakijua wanaogelea tangu utotoni. Kuogelea baharini hakutoshi. Mtihani wa kawaida kwenye bustani za maji ni kuogelea yadi 200, karibu mita 183, bila kusimama wala kushika ukuta. Kukaa majini dakika 2 bila kutumia mikono. Na kuibua tofali la ratili 10, kama kilo 4.5, kutoka kina kirefu. Anayeshindwa hutoka kwenye tofali, si kwenye mwendo. Maji ya bwawa hayana chumvi, kwa hiyo hayakubebi kama ya Shela, na tofali hulishika kifuani kwa mikono miwili huku miguu ikifanya kazi yote. Fanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli kabla ya kuondoka. Baada ya mtihani, kipimo cha kazi ni macho: eneo lako lote ulipitie kwa sekunde 10, na ukiona mtu taabani umfikie kwa 20. Wakaguzi huja bila taarifa na kukurekodi. Anayeshindwa mtihani huhamishiwa idara nyingine, mara nyingi yenye malipo pungufu. Uliza mapema ni ipi.

Hali ya hewa ya Florida haimtishi mtu wa Pwani kwa joto. Inamtisha kwa radi. Alasiri za kiangazi radi hupiga karibu, bembea za nje na mabwawa hufungwa, na waajiri wengi hurudisha wafanyakazi nyumbani mapema. Saa hizo hazilipwi. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30.

Viatu: vyeusi, vya soli isiyoteleza, vilivyovaliwa angalau wiki mbili kabla. Vipya vya siku ya kwanza vinaleta malengelenge, na malengelenge yanakula zamu.

Hesabu

Florida kima cha chini ni dola 14 kwa saa tangu Septemba 30, 2025, na kinapanda hadi 15 tarehe hiyo hiyo 2026. Jimbo hilo halina kodi ya mapato ya kwake. Ohio ilikuwa dola 10.70 mwaka 2025. Pennsylvania imebaki kwenye kima cha taifa, dola 7.25, kisichobadilika tangu 2009, ingawa bustani nyingi hulazimika kulipa zaidi ili zipate watu.

Chukua mfano wa dola 14 kwa saa 35. Wiki ni dola 490. Toa kodi ya taifa karibu asilimia 10, zinabaki 441. Kitanda kikiwa dola 200 kwa wiki, na chakula 75, zinabaki 166. Sasa punguza saa ziwe 24, malipo yale yale. Wiki ni 336, baada ya kodi 302, na baada ya kitanda na chakula zinabaki 27. Saa zimepungua kwa theluthi hivi, kilichobaki mfukoni kimepungua zaidi ya mara sita. Bustani ya kaskazini inayolipa dola 12 kwa saa 45, na kitanda cha dola 60, inakuachia dola 351 kwa hesabu hiyo hiyo, kabla ya kodi ya jimbo. Jina lake hakuna anayelijua Lamu. Tungeichagua hiyo.

Ndipo ofa isomwe upya. Maneno "hadi saa 40" hayaahidi chochote. Saa moja pia iko ndani ya "hadi 40". Tafuta maneno "wastani" au "angalau". Saa za ziada nazo zina shimo: sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 huzitoa bustani za msimu, zile zinazofunguliwa miezi isiyozidi 7 kwa mwaka, kwenye wajibu wa kulipa mara moja na nusu baada ya saa 40. Kwa hiyo saa ya 50 kwenye bustani ya msimu inaweza kulipwa sawa na ya kwanza, bila mtu kuvunja sheria. Majimbo mengine yana kanuni zao. Uliza.

Baadhi ya bustani hutoa bonasi kwa kila saa uliyofanya, ukikaa hadi tarehe uliyosaini. Ukiondoka siku tatu kabla kwa sababu chuo kinafunguliwa, yote imekwenda. Linganisha tarehe ya mkataba na kalenda ya chuo kabla ya kusaini. Kazi ya pili inaruhusiwa, lakini mdhamini aikubali kwanza. Anayeosha vyombo mkahawani bila idhini anahatarisha viza yake.

Nyumba na ibada

Kwenye nyumba ndiko mpango unapata alama mbaya kabisa. Kitanda mara nyingi ni cha ghorofa, chumba ni cha watu wanne au zaidi, na kodi ya chumba hukatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia. Wiki ya kwanza haina mshahara lakini kodi inahesabiwa, kwa hiyo malipo ya kwanza huwa madogo kiasi cha kutisha. Beba za kukuvusha wiki tatu. Siku ya kuingia piga picha za kuta, godoro, jiko na bomba, uzitume kwa barua pepe kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Bila hizo, amana hurudi nusu au hairudi. Angalia kwenye ramani umbali wa kwenda kazini na dukani. Miji mingi ya bustani haina matatu wala bodaboda, na anayedhani atatembea kama anavyotembea kutoka gatini hadi Shela atakuta barabara ya magari isiyo na njia ya miguu. Baiskeli ya mitumba hujilipa haraka.

Hijabu, swala na chakula viulizwe kabla ya kusaini. Sheria ya haki za raia ya 1964 humtaka mwajiri kuipa dini ya mfanyakazi nafasi isipokuwa pale inapomletea uzito mkubwa, na kwa kawaida mtandio hukubaliwa ukiwa wa rangi ya sare na usioning'inia karibu na mitambo. Kwenye bembea na mabwawa usioning'inia ni lazima, kwa usalama wako. Asiyetaka kubeba bia au nyama ya nguruwe aseme wakati wa kupangiwa idara, si kwenye zamu ya kwanza. Ijumaa ni ngumu zaidi, kwa kuwa wikendi yao ndiyo soko. Dakika 15 za mapumziko zinatosha Adhuhuri, hazitoshi kwenda msikitini.

Bima ya mpango si hiari. Kima chake cha chini ni dola 100,000 kwa ugonjwa au ajali moja, na unachochangia mwenyewe kisizidi dola 500. Meno kwa kawaida hayamo, kwa hiyo jino linalokusumbua liling'oe au kulitibu huku.

Karatasi za mwisho

Ukifika, jiandikishe kwa mdhamini, subiri siku chache mfumo ukusome, kisha nenda ofisi ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, na fomu ya SS-5 kuomba namba yako. Namba hiyo haiuzwi, anayekutoza anakuibia. Chapisha pia rekodi ya kuingia, I-94, kutoka kwenye tovuti ya forodha ya Marekani.

Stakabadhi ya mshahara wa kwanza isomwe mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa J-1 ambaye si mkazi kikodi halipi makato ya Social Security wala ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Waajiri wengine huzikata kwa mazoea. Idara ya mishahara ikionyeshwa viza, hurekebisha. Ikikataa, kuna fomu 843 ya kuzidai serikalini. Kwenye mapato ya dola 6,000 hizo ni dola 459.

Mkataba ukiisha una siku 30 za kutembea, zisizo za kufanya kazi. Fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi iliyokatwa, hutolewa mwishoni mwa Januari, wewe ukiwa umerudi, na marejesho ya kodi hujazwa kwa fomu 1040-NR kabla ya Aprili 15, pamoja na fomu 8843 ya wasio wakazi. Achia idara ya mishahara anwani ya sanduku la posta na barua pepe inayofanya kazi, kwa kuwa "Lamu, karibu na Mkunguni" haimfikishi tarishi. Na ile akaunti ya benki ya kule usiifunge uwanja wa ndege. Tangu mwisho wa Septemba 2025 serikali ya Marekani inaziondoa hundi za karatasi, na kodi iliyokatwa zaidi hurudishwa kwa akaunti. Waliofunga zao Agosti huanza kutafuta pa kupokelea mwezi wa Mei.